Orodha ya Vilivyozama

Nahodha alipunguza mwendo, kisha akazima injini kabisa, boti ikabaki inaelea kwenye mlango mwembamba wa ghuba ya Washington, magharibi mwa kisiwa cha Isle Royale, upande wa Marekani wa Ziwa Superior. Akatuambia tusogee ubavuni tutazame chini. Kwanza niliona mawingu na kivuli changu tu. Kisha, kwenye kina cha kiuno cha mtu mzima, ikajitokeza omo ya meli: chuma cha kijani kama jiwe la kisimani, kimelalia upande mmoja, na nyuma yake sitaha inashuka, inashuka, mpaka macho yanashindwa kuifuata. Ningekuwa na upondo ningeigusa.

“Mjomba, hiyo ndiyo America,” mpwa wangu akaninong'oneza. Hakuna aliyemwambia anong'one, lakini boti nzima ilikuwa kimya, hata watoto.

America ilizama usiku wa manane kuamkia alfajiri ya 7 Juni 1928. Ilijengwa mwaka 1898, na kwa miaka mingi ndiyo iliyowaletea wavuvi wa kisiwa hiki barua, sukari na wageni, ikaondoka na samaki wao kwenda kuuzwa Duluth. Usiku ule ilishusha abiria, ikageuza kutoka, ikagonga mwamba. Watu wote waliokolewa kwa mashua. Aliyekufa ni mbwa mmoja, aliyesahaulika akiwa amefungwa kamba tezini. Tezi hiyo sasa iko zaidi ya mita 20 chini, omo iko karibu na jua, na boti ya abiria husimama hapa watu waone.

Nilitazama mpaka shingo ikauma. Mimi ni mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria. Nimezaliwa Nansio, nimevuka kwenda Mwanza mara zisizohesabika, na sikuwahi hata siku moja kuitazama meli iliyozama. Kwetu meli ikishazama, jina lake hutajwa kwa sauti ya chini na macho huelekezwa kwingine. Kaka wa mama yangu alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tangu siku ile nyumbani kwetu meli hiyo haikuwa na umbo wala rangi. Ilikuwa tarehe tu.

Mpwa wangu alilijua hilo aliponialika. Amekulia Minneapolis, ambako dada yangu ni muuguzi. Kiswahili chake kimechukua lafudhi ya majirani zao Wakenya, lakini hajaacha kuniamkia “shikamoo mjomba” kila asubuhi, hata kwa simu. Miaka mitatu sasa anazamia na mitungi ya hewa, na aliniambia jambo moja tu: “Njoo uone wanavyotunza meli zao, mjomba.”

Tulianzia Grand Portage, kijiji cha Waojibwe kwenye ncha ya jimbo la Minnesota, karibu na mpaka wa Kanada. Boti ilipokuwa inazunguka rasi, nahodha alituonyesha mwerezi mmoja mfupi, uliopinda, umeota juu ya jiwe tupu mahali ambapo hapana udongo wa kujaza kiganja. Mti huo ulikwisha kutajwa katika maandishi ya msafiri Mfaransa mwaka 1731, na kwa Waojibwe ni mtakatifu. Wasafiri waliacha tumbaku chini yake kabla ya kuvuka. Nikamkumbuka Mugasha, ambaye Wahaya wa ng'ambo ya ziwa letu walimjua kuwa mwenye mawimbi na dhoruba. Huku anayelinda maji ni Mishipeshu, chui mwenye pembe aishiye kilindini, mlinzi wa shaba ya kisiwa. Shaba yenyewe ipo kweli: watu walikuwa wakiichimba hapa maelfu ya miaka kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Jina la kisiwa kwa Waojibwe ni Minong, na wenyewe hulieleza kuwa ni mahali pema.

Nilipokuwa shule nilifundishwa kwamba Ziwa Viktoria ni la pili duniani kwa eneo kati ya maziwa ya maji baridi. La kwanza ndilo hili, Superior, lenye kilomita za mraba zipatazo 82,000 dhidi ya karibu 69,000 za kwetu. “Maji baridi” ni maneno niliyoyatumia maisha yangu yote bila kuyafikiria, maana kwetu ni maji yasiyo na chumvi, basi. Mtoto wa Nansio huingia ziwani alfajiri kuoga na kutoka akiimba. Nilipotumbukiza mkono kwenye maji ya Minong, mwezi wa Julai, kiangazi chenyewe, niliutoa ukiuma mpaka kwenye kiwiko. Kule kilindini nyuzijoto hazizidi nne, mwaka mzima.

Kila kitu nilichokiona baadaye kilianzia kwenye ubaridi huo. Wenyeji wa pwani yetu wanajua mbao haidumu baharini bila vita: jahazi hupandishwa ufukweni, hukalafatiwa, hupakwa deheni ya chokaa na mafuta kwa sababu ya wadudu wanaotoboa mbao. Katika ziwa hili wadudu hao hawamo. Chumvi ya kula chuma haimo. Mwanga haufiki mbali, na vijidudu vya kuozesha vinazubaa kwa baridi. Mbao iliyozama zama za babu bado ina alama za shoka.

Na mwili wa binadamu nao. Hili nilisimuliwa na mzee mmoja abiria, mvuvi mstaafu, akitazama maji badala ya kunitazama mimi. Ziwa hili halirudishi watu, alisema. Nikamwambia la kwetu hurudisha. Wavuvi wa Ukerewe wanajua kungoja. Mtu akizama, wao hukaa ufukweni na ndugu zake, wanahesabu siku, na kwa kawaida hazipiti tatu. Maji ya uvuguvugu humwinua mtu, wakamzika. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220, wengi walipatikana. Sikuwahi kuifikiria hiyo kuwa rehema ya ziwa letu mpaka nilipokutana na ziwa lisilo nayo.

Upande wa magharibi wa kisiwa, mbali na nchi kavu, mnara wa taa uitwao Rock of Ages umesimama peke yake juu ya jiwe. Chini ya mwamba huo zimelala meli tatu. Cumberland ni ya mbao, ya magurudumu ya pembeni, iligonga mwaka 1877. Henry Chisholm, nayo ya mbao, iligonga mwaka 1898, ilipokuwa ikizunguka kutafuta tishari lake lililokatika kamba katika dhoruba. Mnara ukajengwa, taa ikawashwa mwaka 1908, na bado mwaka 1933 George M. Cox, meli ya kifahari ya abiria, ikapanda mwamba katika ukungu, mlinzi wa taa akiiona milingoti yake ikija juu ya ukungu. Wote walipona, zaidi ya watu mia moja. Walilala kwenye mwamba na ndani ya mnara, wakipishana kuingia kujipasha moto. Kuna sehemu ya moyo wangu iliyofurahi kusikia hadithi moja ambamo wote walipona.

Cumberland na Chisholm zilivunjika na kuchanganyika, mbao juu ya mbao, na hapa ndipo nilipoanza kuielewa kazi ya wanaakiolojia wa majini. Mwaka 1980 shirika la hifadhi za taifa la Marekani liliunda kikosi cha wazamiaji wasomi chini ya Daniel Lenihan, makao yake Santa Fe, mji wa nchi kavu kabisa, mbali sana na ziwa hili. Walikuja Isle Royale kiangazi baada ya kiangazi mpaka 1986. Hawakuja kuinua kitu. Walikuja kupima.

Mpwa wangu alinichorea kwa kijiti mchangani namna walivyofanya. Kamba moja inanyooshwa katikati ya mabaki kutoka omo hadi tezi. Ukitaka kujua taruma fulani liko wapi, unapima kwa futi kutoka pointi mbili za kamba ile, na pale vipimo viwili vinapokutana ndipo taruma lilipo. Unaandika kwa penseli ya kawaida juu ya kipande cha plastiki, kwa sababu penseli huandika hata majini. Vidole vinakufa ganzi baada ya muda mfupi. Hewa ni ya kuhesabu, na kupanda juu ni taratibu, usije ukadhuriwa na mapovu kwenye damu. Kwa hiyo katika mbizi moja mtu huleta labda vipimo ishirini. Jioni vinaunganishwa na vya wenzake. Kesho tena. Hivyo ndivyo walivyozitenganisha meli mbili zilizolala pamoja kwa zaidi ya miaka themanini: hili ni taruma jembamba la meli ya abiria, lile ni nene, la meli ya mizigo mizito. Kila ubao ukarudishwa kwa mwenyewe, kwenye karatasi tu, na mbao zenyewe zikaachwa pale pale.

Nilimuuliza kwa nini wasiinue hata moja, kama Liemba ilivyoinuliwa. Hadithi ya Liemba hatuichoki sisi: Wajerumani waliileta vipandevipande kwa meli na reli hadi Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 baada ya kuzipaka injini grisi, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikabeba watu wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Mpwa wangu alinijibu kwamba chuma cha Liemba kilikuwa bado na kazi mbele yake. Hizi kazi yake imekwisha. Mbao hizi zikitoka kwenye baridi hii zitakauka na kupasuka kama udongo wa mbuga. Hata nanga za boti za wazamiaji zilikuwa zinazivunja, ndiyo maana hifadhi ikafunga maboya ya kudumu ya kufungia boti. Haruhusiwi mtu kuondoka hata na msumari.

Yeye mwenyewe alizamia America siku iliyofuata. Alirudi midomo imebadilika rangi, akakaa juani robo saa ndipo akaweza kuzungumza. Hakunisimulia injini wala rafadha. Alinisimulia ngazi moja, na vigae vya sakafu.

Upande wa kaskazini kisiwa ni ukuta wa mawe na misonobari. Tulipita mahali ilipolala Kamloops, na kwa mara ya pili boti ikawa kimya, ingawa hapa hakuna cha kuona. Meli hiyo ndogo ya mizigo ilipotea katika dhoruba ya theluji mwanzoni mwa Desemba 1927, na watu wote waliokuwamo. Baadhi walifika nchi kavu wakafa kwa baridi ufukweni, wakaonekana majira ya kuchipua yaliyofuata. Mwishoni mwa mwaka 1928 ikaokotwa chupa upande wa Kanada, na ndani yake kikaratasi cha Alice Bettridge, msichana aliyekuwa mhudumu melini, alichokiandika akiwa amebaki peke yake. Meli yenyewe haikuonekana kwa miaka hamsini, mpaka wazamiaji walipoifikia mwaka 1977, kwenye kina kinachopita mita 50. Nilifurahi kujua kwamba mwaka huo huo wa 1977, Mombasa, chini ya Ngome ya Yesu, wazamiaji wakiongozwa na Robin Piercy walianza kuifukua Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697. Kazi hii si ngeni kwetu. Ila pale tuliitumia kwa meli za watu waliokuja kututawala.

Kamloops ilibeba mashine za kiwanda cha karatasi, waya, viatu, dawa ya meno, peremende. Vyote viko pale, vimeorodheshwa. Na katika chumba cha injini yumo mtu mmoja, ambaye baridi imeugeuza mwili wake kuwa kama sabuni. Wazamiaji wamempa jina la utani. Mimi silirudii hapa. Yule ni mtoto wa mtu, alikuwa kazini, na kuna waliokwenda kumpiga picha. Nilipolisikia nilikasirika mpaka nikashindwa kula mchana ule. Mpwa wangu aliniambia wengi siku hizi hawaingii chumba kile. Wanapita nje yake.

Rock Harbor, upande wa pili wa kisiwa, jua la Julai linazama karibu saa nne usiku, jambo ambalo mwili wangu uliozoea magharibi ya saa moja ulikataa kulikubali. Nilitembea. Niliona mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kuliko ng'ombe, amesimama majini akila magugu, na hakunijali. Kisiwa kizima hakina gari. Kuna kambi ya zamani ya wavuvi waliotoka Norway, vibanda vya mbao, nyavu zimeanikwa, na harufu ile niliijua kabla sijafika mlangoni. Wavuvi hao walikuwa wengi, kisha akaja samaki mgeni kupitia mifereji, mfano wa mkunga mwenye mdomo wa kunyonya, akawamaliza trauti wa ziwa. Nikasimama pale nikiwafikiria furu wetu, aina mamia zilizotoweka baada ya sangara kuletwa. Tofauti ni kwamba sangara tunamla, tunamuuza, na tumemsamehe. Huyu wa kwao hakuna anayemtaka mezani. Sasa wanahofu kome wageni, wanaogandana juu ya mabaki ya meli mpaka umbo lake lipotee, na mzamiaji hutakiwa kusafisha vifaa vyake kabla ya kuingia.

Huko ndiko nilikomkuta mhifadhi, mama wa makamo, mwenye nakala kuukuu ya ripoti ya kikosi cha Lenihan ya mwaka 1987. Alinifungulia michoro. Niliiona Algoma, iliyojengwa Scotland mwaka 1883, ikakatwa vipande viwili ipite kwenye mifereji ya Kanada, ikaunganishwa tena, ikaja kuvunjika hapa Novemba 1885 na kuua watu wasiopungua 40. Omo yake haijaonekana hadi leo, na mchoraji ameacha upande ule mweupe. Niliiona Emperor ya mwaka 1947, iliyozama na madini ya chuma na watu kumi na wawili. Uchunguzi ulionyesha kwamba ofisa aliyekuwa zamu alisimamia upakiaji saa zake za kulala, akaingia zamu amechoka. Mchoraji amechora hata vitanda vya mabaharia.

Nikamwambia kuhusu mjomba wangu. Alifunga kitabu, akanipa pole, akakaa kidogo. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, meli ile ilikuwa na urefu gani. Sikujua. Ilikuwa na rangi gani. Sikujua. Ilibeba nini? Ndizi, nikasema, kila mtu anajua ilikuwa na ndizi. Na mjomba wako alibeba nini?

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, wala mimi sikuwahi kumuuliza yeyote. Tuna makaburi ya waliozama, kule Igoma, na mnara wa kumbukumbu, tuna idadi ambazo watu hubishana juu yake mpaka leo, na kila Mei tunasoma dua na sala. Idadi tunazo. Vitu vya mtu mmoja mmoja hatuna.

Kisiwani hakuna mtandao wa simu. Tuliporudi Grand Portage tulikula supu ya mchele wa porini, ambao Waojibwe huuvuna kwenye mtumbwi, mmoja akisukuma kwa upondo na mwingine akipukutisha suke kwa vijiti viwili. Tulikula pia samaki wa kukaushwa kwa moshi, mafuta yakichuruzika vidoleni. Nikatoka nje na simu. Nansio ilikuwa usiku, lakini mama halali mapema.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Mmetoka majini salama?”

Nikamwambia nataka kumuuliza jambo la mjomba. Akanyamaza. Nikasikia akisogeza kiti. Nikamuuliza siku ile alikuwa amebeba nini.

Nilidhani atalia. Alianza kuhesabu, moja moja, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa miaka yote hii. Mjomba alikuwa amempigia simu ofisini kwa baba siku mbili kabla, kwa hiyo anajua. Mikungu mitatu ya ndizi, miwili ya kupika na mmoja wa kuiva. Kahawa za kutafuna, zimefungwa kwenye majani ya mgomba, za bibi. Senene wa kukaanga kwenye kopo la maziwa ya unga. Shuka la kijani. Koti la baba wa ubatizo, kwa sababu alikuwa amsimamie mtoto wa shangazi kanisani Jumapili ile. Na redio.

“Redio gani?”

“Ya baba yako. Aliiazima Krismasi, alikuwa anairudisha. Baba yako hakuwahi kuitaja tena.”

Nilikuwa na penseli ya mpwa wangu mfukoni. Nikaandika nyuma ya tiketi ya boti.

“Ilikuwa ya bendi ngapi, mama?”

“Tatu,” akasema. “Na mshikio wake ulikatika, ulikuwa umefungwa na waya.”